Majani ya Mlonge na Papai la Shira

Kabla ya adhana ya alfajiri, kifuniko cha sufuria kubwa kilianza kugongagonga jikoni, tiki tiki tiki, kama meno ya mtu aliyeshikwa na baridi. Misnati alifumbua macho akabaki amelala, akisikiliza. Alijua ni shira inachemka, na kwamba mkwe wake, Mama Wening, mama mzazi wa mke wa mwanawe, ameamka tena kabla ya watu wote na kupita kwa vidole vya miguu ili asimwamshe mgeni.

Misnati aligundua na jambo jingine. Alipolala alikuwa na blanketi moja, na sasa yalikuwa mawili. La pili lilikuwa limekunjwa vizuri juu ya miguu yake, kwa sababu kule kwao Madura, kisiwa cha chumvi na jua kali, watu hawaijui baridi ya milima ya Wonosobo, na miguu ndiyo inayoteseka kwanza. Mama Wening hakuwa amesema neno. Alikuja tu usiku akaifunika.

"Mungu akulipe, mkwe wangu," Misnati alinong'ona gizani, ingawa hakukuwa na wa kumsikia.

Alikuwa amekuja kwa ajili ya dua ya siku ya mia ya marehemu Pak Wardoyo, mume wa Mama Wening. Kwenye mazishi hakuweza kufika. Wakati ule yeye mwenyewe alikuwa kitandani na homa. Kwa hiyo alisafiri safari hii, akavuka mlango wa bahari, akapanda mabasi, akafika na gunia la mahindi na samaki wakavu. Dua ilisomwa, watu walikula na kubeba vifurushi vyao vya wali, na Hosnan, mwanawe Misnati, alirudi kwenye lori lake la mizigo. Misnati alibaki. Alisema anabaki kumsaidia mkwe wake kumenya mapapai. Ukweli ni kwamba alibaki kwa ajili ya Danastri.

Danastri alikuwa mtoto wa Hosnan na Wening, mjukuu wa pekee wa bibi wote wawili. Alikuwa ameshatimiza miaka miwili, lakini ukimbeba ulihisi umebeba kuku. Macho makubwa, nywele chache zenye rangi ya kutu, mikono kama vijiti. Hakuwa mtoto wa kulialia. Angekaa kwenye mkeka akichezea vifuniko vya vikombe, akitabasamu kwa kila anayepita, na tabasamu hilo ndilo lililomchoma Misnati kuliko kilio.

Nyumba ile iliishi kwa papai la shira. Si papai mnalolijua ninyi. Hili ni la milimani, dogo kama ngumi, na huwezi kulila bichi kwa sababu utomvu wake unawasha mdomo. Linamenywa kwa glavu, linatolewa mbegu, linachemshwa, kisha linazamishwa kwenye shira ya sukari na kufungwa katika vikombe. Wasafiri wanaotoka kuangalia milima hawarudi kwao bila kubeba kasha. Mama Wening na marehemu walianza na sufuria moja ya kuazima. Kwa shira hiyo walijenga kuta, wakamsomesha Wening, wakanunua hata jeneza la kubebea maiti la msikiti wa mtaa. Kwa hiyo katika nyumba ile, mtoto akilia alipewa kipande cha papai. Akicheka alipewa kipande. Wali wake ulilowekwa kwa shira, na akikataa wali, aliachiwa anywe shira.

"Huyu ni mtoto wa shira," Mama Wening alipenda kusema, akimfuta mdomo kwa pindo la nguo. "Damu yake tamu. Mbu wanamjua kwa jina."

Siku iliyotangulia ilikuwa siku ya mizani. Akina mama wa kitongoji walikusanyika barazani kwa mwenyekiti, kila mmoja na mtoto wake, na watoto wakaning'inizwa mmoja mmoja kwenye mizani kama mapapai sokoni. Mpimaji alikuwa Ratri, mhudumu wa afya wa kijiji, mwanamke mchangamfu ambaye kila mtoto alimwita shangazi. Alipomtundika Danastri, mshale haukupanda. Ratri aliusubiri, akaugonga kwa ukucha, akausubiri tena.

"Mbah," alimwambia Mama Wening polepole, kama wanavyoitwa wazee huko, "mara ya tatu hii, mtoto yuko palepale. Mwezi ujao akiwa hivihivi, sitakuwa na la kufanya. Nitampeleka hospitali ya mjini, na huko watamlaza."

Wening, aliyekuwa amesimama nyuma ya mama yake, alishika ukingo wa meza.

"Kwani hali?" Mama Wening alijibu. "Mtoto anakula! Anamaliza kikombe kizima."

"Kikombe cha nini?"

"Cha papai."

Mwanamke mmoja akacheka. "Mbah, wewe unamlisha mjukuu au unamtia kwenye kasha la wageni?"

Wote wakacheka, na Mama Wening akacheka nao, lakini Misnati aliona masikio yake yakiwa mekundu. Njiani kurudi, Wening alimbeba mtoto kifuani badala ya mgongoni, kama mtu anayeogopa kuporwa.

Ndiyo maana asubuhi ile, shira ikigonga kifuniko chake, Misnati alikuwa macho na mawazo yake. Kwao Madura, mtoto akidhoofika, hakuna mkutano. Mtu anatoka nje, anavunja tawi la mlonge kwenye ua, anachambua majani, anayatia kwenye mchuzi mwepesi na samaki, basi. Ua wa nani? Ua wowote. Mlonge hauna mwenyewe kule. Hosnan alikulia humo. Aliugua surua, akapona kwa mchuzi wa mlonge. Alipoota meno, alipewa mlonge. Na mama aliyetoka kujifungua, jirani wa kwanza kubisha hodi anakuja na mlonge mkononi ili maziwa yatoke.

Lakini hapa hakuwahi kuona mtu akila mlonge. Alidhani hawana. Hadi jana, wakitoka kwenye mizani, alipouona mmoja mzuri ajabu, umesimama peke yake kwenye kona ya makaburi, matawi yake yameinama kwa wingi wa majani. Hakuna aliyekuwa ameuvuna kwa muda mrefu. Moyo wake uliruka. Alijisemea: masikini watu hawa, wamelala na njaa juu ya gunia la mchele.

Angeweza kuuliza. Maneno yalikuwa machache tu: mkwe wangu, mlonge ule vipi? Lakini Mama Wening alikuwa ametoka kuchekwa barazani, na Misnati aliona si adabu mgeni kuingia jikoni kwa mwenyeji wake na kumfundisha kulisha mjukuu. Afadhali apike tu, kimya kimya, bakuli moja dogo. Mtoto akila, basi kila mtu atafurahi na hakuna atakayeaibika. Hivyo ndivyo alivyopanga, kwa nia njema kabisa.

Kulipokucha, Wening alichukua pikipiki na makasha ya vikombe akashuka sokoni mjini. Mama Wening alimfunga Danastri mgongoni kwa kitambaa akaendelea kukoroga sufuria. Misnati akajitanda khanga, akasema anakwenda kunyoosha miguu.

"Usiende mbali, mkwe," Mama Wening alisema. "Ukungu huu unameza watu. Chukua koti la marehemu, lipo nyuma ya mlango."

Koti la marehemu! Misnati alilivaa kwa heshima, akaona mifuko imeshonwa upya kwa uzi mzuri, akajua nani aliishona, akatoka.

Alivunja matawi manne ya mlonge. Alipokuwa akirudi, mikono imejaa kijani, alikutana na Pak Sarju, jirani anayefuga mbuzi, amejitwika mzigo wa nyasi. Jirani yule aliyatazama majani. Akatua mzigo wake. Akavua kofia.

"Mbah," alisema kwa sauti ya chini, "ya nani hayo?"

"Ya mjukuu wangu," Misnati alisema. "Ya Danastri."

Pak Sarju alifumba macho kidogo. "Masikini. Mtoto mdogo namna ile. Na jana tu alikuwa kwenye mizani."

"Ndiyo, mwanangu. Ndiyo maana nafanya haraka."

"Fanya, Mbah, fanya. Sisi tunakuja."

Misnati aliendelea na njia, akifikiri watu wa huku wana roho nzuri kweli, mtu anavua kofia kwa ajili ya mboga. Wala hakumuuliza mnakuja kufanya nini.

Jikoni, Mama Wening alikuwa ametoka nyuma kuosha ndoo, mtoto bado mgongoni. Misnati alichambua majani upesi, moja moja, akatupa vijiti. Alibandika kisufuria kwenye jiko la pembeni, kitunguu, samaki mkavu aliyekatwakatwa, maji, chumvi kidogo. Majani akayatia mwisho, yasipoteze rangi. Harufu ya nyumbani kwake ikapanda, akajikuta anatabasamu peke yake. Aliteka kijiko, akaanza kukipuliza.

Hapo ndipo kipaza sauti cha msikiti kilipokohoa.

Sauti ilisema ile kauli ambayo kila Mwislamu anaijua, sisi ni wa Mungu na kwake tutarejea. Ikairudia. Kisha ikasema kwamba nyumba ya marehemu Pak Wardoyo imepata msiba tena, na majirani wanaombwa kufika.

Ndoo ilianguka kule nyuma. Mama Wening aliingia jikoni akiwa ameshika mlango, uso mweupe kama unga. Hakumfikiria mtoto, kwa kuwa mtoto alikuwa mgongoni mwake akimvuta nywele. Alimfikiria binti yake kwenye pikipiki, ndani ya ukungu, na zile kona za kushukia mjini.

"Wening," alisema. "Mkwe, ni Wening wangu."

Misnati aliweka kijiko chini. Naye akawaza: la, ni Hosnan, ni lori. Wanawake wale wawili walishikana mikono katikati ya jikoni, kila mmoja akimlilia mtoto wake, hakuna aliyejua lolote, na shira ikafurika ikamwagika juu ya moto.

Majirani waliwasili kabla machozi hayajakauka. Walikuja kama wanavyokuja siku zote, wanawake wamebeba mchele kwenye mabeseni yaliyofunikwa vitambaa, wanaume wakibeba mikeka na ubao wa kuoshea. Pak Sarju alikuwa mbele. Alimwona Mama Wening mlangoni, akaanza kusema maneno ya pole, na katikati ya neno Danastri akachungulia juu ya bega la bibi yake na kumchekea.

Mwanamke aliyekuwa nyuma akaachia beseni. Mchele ukatawanyika mpaka barabarani.

"Yu hai," mtu alisema.

"Nani kasema amekufa?" Mama Wening akauliza. "Sarju! Nani kafa?"

"Mbah, mkwe wako..." Pak Sarju alimtazama Misnati, kisha sakafuni. "Nilimkuta anatoka makaburini na majani ya mlonge. Nikamuuliza ya nani. Akasema ya Danastri. Nikapeleka habari msikitini."

Mama Wening aligeuka polepole. Aliviona vijiti vilivyotupwa kando ya jiko. Akakiona kisufuria, na ule mchuzi wa kijani ukifuka mvuke, na kijiko kidogo cha mtoto pembeni yake.

"Mkwe," alisema, na sauti yake haikuwa kali, ilikuwa imechoka tu, "kwa majani haya tulimwosha mume wangu. Kwa tawi la mti uleule. Nilimpangusa nayo kifua mimi mwenyewe. Huku kwetu, mlonge ni wa maiti. Unataka kumpa mtoto ale?"

Misnati angesema kwamba kwao ni mboga? Kwamba Hosnan alikuzwa nayo? Maneno yote yalikuwa ya kweli na hakuna hata moja lililofaa.

"Sikujua," alisema. "Wallahi, mkwe wangu, sikujua."

"Ungeuliza."

Lilikuwa neno moja. Misnati alikaa nalo maisha yake yote yaliyobaki.

Na jambo lilikuwa halijaisha. Wening alikuwa sokoni wakati habari ilipofika, imebebwa na muuza tofu aliyepita kijijini, naye hakusema msiba tu, alisema mtoto. Wening aliacha pikipiki na makasha. Alisema baadaye kwamba hakukumbuka kuwa ana pikipiki. Alikimbia. Watu walimwona akipanda mlima akiwa na kandambili moja, kisha bila hata moja, akianguka, akiinuka. Dereva mmoja wa gari la mboga alimpakia kwa nguvu sehemu ya mwisho ya njia. Alipoingia uani, magoti yake yalikuwa yamechubuka yote mawili na damu imefika kwenye nyayo. Alimnyakua Danastri kutoka mgongoni kwa mama yake, akamkagua vidole, masikio, akamlaza kifuani, akakaa chini palepale kwenye mchele uliomwagika akalia kwa sauti ambayo Misnati hakuwahi kuisikia kwa mtu mwenye mtoto aliye hai.

Misnati alijongea na maji ya uvuguvugu na kitambaa amwoshe magoti.

"Usiniguse, Mama," Wening alisema. "Tafadhali. Leo usiniguse."

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Misnati alirudi nyuma na beseni lake la maji, akalimwaga taratibu kwenye mfereji, akaenda kumwaga na mchuzi. Alikusanya hata vijiti.

Majirani hawakuondoka kwa hasira. Hilo Misnati alilishika. Waliuokota mchele punje kwa punje, na kwa kuwa hakuna desturi ya kurudi nyumbani na mchele wa rambirambi, waliuacha. Pak Sarju alisimama mbele yake akipindapinda kofia.

"Nisamehe, Mbah. Ningekuja kwanza kuangalia."

"Kosa si lako, mwanangu."

"Basi tuligawane," alisema Pak Sarju, akajaribu kucheka. "Wewe chukua nusu, mimi nusu, na yule muuza tofu mwenye mdomo kama kipaza sauti tumwachie lililobaki."

Ratri, yule mhudumu wa mizani, alikuwa amekuja na beseni lake kama wengine. Yeye alibaki. Alimfunga Wening magoti, kisha akakaa jikoni kwenye kigoda, bibi mmoja kulia, mwingine kushoto, wote wawili wakitazama majivu.

"Semeni," alisema.

Mama Wening alichokora majivu kwa mwiko.

"Haya, nitasema mimi. Mbah wa Madura, mboga yako ni nzuri. Ni nzuri kweli. Ndani ya jani lile kuna cha kuongeza damu, kuna cha kujenga mifupa na nyama, kuna cha macho. Tunafundishwa hivyo kwenye semina kila mwaka, nami kila mwaka narudi hapa na sithubutu kulitaja. Mama yangu mwenyewe angenifukuza."

Mama Wening aliinua kichwa. "Kwa hiyo ananishinda. Mgeni analisha, mimi naua."

"Sikusema hivyo, Mbah."

"Sema basi. Papai langu lina nini?"

Ratri alivuta pumzi. "Lilipokuwa bichi lilikuwa na mema yake. Tukalimenya, tukalichemsha, tukamwaga maji, tukalichemsha tena. Mema mengi yaliondoka na mvuke. Iliyobaki ni sukari, Mbah, na papai kidogo la kuishikilia. Mgeni akila kikombe kimoja akarudi kwao, hakuna neno. Lakini tumbo la Danastri ni kama kikombe chenyewe. Ukilijaza shira, wali utakaa wapi? Yai litakaa wapi? Mtoto anashiba, lakini hajengeki."

Mama Wening alianza kufuta meza iliyokuwa safi.

"Baba yake Wening," alisema mwishowe, "siku zake za mwisho hakuweza kumeza kitu. Mtoto ndiye aliyemlisha shira kwa kijiko. Yeye kijiko kimoja, babu kijiko kimoja. Walicheka wote wawili. Alipoondoka, mtoto alikuwa analia kila jioni akimtafuta, na nikimpa papai ananyamaza. Ningefanyaje? Niliona ananyamaza, nikafikiri namlea."

Misnati alitaka kumshika mkono. Akakumbuka yale maneno, usiniguse, akaacha mikono yake mapajani. Alikuwa amekaa katika nyumba hii siku zote hizi, akimwona mwanamke huyu akimpa mtoto kipande baada ya kipande, na moyoni alimhukumu kuwa hajui. Kumbe hakuna aliyemuuliza. Wote wawili walitaka kumlisha mtoto kile kilichowahi kuwafariji wao.

"Lazima iwe mlonge?" Misnati aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hapana!" Ratri alisema. "Jani lolote bichi la kijani lililokoza. Mchicha. Majani ya maboga, si hayo yametambaa mpaka juu ya choo chenu? Tia yai, tia samaki wa Mbah hapa, tone la mafuta. Akimaliza mpe chungwa, halijapikwa wala kutiwa sukari, maana uchachu wake unausaidia mwili kushika kile cha damu kilichomo kwenye jani. Jani na tunda si maadui. Sukari ndiyo iliyoingia katikati ikawagombanisha."

Majani ya maboga. Yalikuwa hatua chache kutoka mlangoni. Misnati alikuwa ameyapita kila asubuhi akienda kutawadha. Angeyachuma hayo, kusingekuwa na kipaza sauti, wala damu kwenye magoti ya mkwewe. Lakini moyo wake ulikuwa umeshika mlonge tu, mlonge wa kwao, kana kwamba watoto wote wa dunia waliopona walipona kwa majani ya ua wake.

Jioni ile Wening hakutoka chumbani. Misnati alifungasha mzigo wake. Hakuna aliyemwambia aondoke, na hilo ndilo lilimfanya aone kuwa ni vizuri aondoke.

Asubuhi alipoingia jikoni kuaga, jiko kubwa halikuwa na moto. Mama Wening alikuwa kwenye mkeka na rundo la majani ya maboga, akihangaika nayo. Alikuwa amezoea matunda; nyuzi za vikonyo zilimkatikia vidoleni.

"Anza juu," Misnati alisema, akiwa bado amesimama na mzigo. "Vunja kichwa cha kikonyo, uvute uzi ushuke mpaka kwenye jani. Usipotoa, utamkaba."

"Nioneshe."

Misnati akaweka mzigo chini. Walimenya pamoja. Mama Wening alipika mwenyewe, Misnati hakugusa mwiko. Yai lilitiwa, na samaki wa Madura, na kidogo tu cha chumvi. Danastri alipopewa kijiko cha kwanza, alikitema. Cha pili akakitema kwenye khanga ya Misnati. Alinyoosha mkono kuelekea kwenye vikombe vya papai akaanza kulia, na kilio kikawa kirefu, na Mama Wening akageuza uso ukutani ili asimpe. Machozi yalimtoka bibi kama yalivyomtoka mjukuu.

Kijiko cha tatu kilimezwa. Labda kwa uchovu. Cha nne pia. Kisha akasinzia, na kijani kidogo kikabaki kwenye kidevu chake.

"Vijiko viwili," Mama Wening alisema. "Kwa mwendo huu, atafika kwenye mizani lini?"

"Atafika," Misnati alisema, ingawa hakujua. Hakuna aliyejua. Mwezi mmoja si mrefu kwa mtoto aliyesimama palepale muda wote huo, na yeye hangekuwepo kuuona mshale.

Mama Wening alimtilia wali wa njiani kwenye jani la mgomba, pamoja na yai. Alilitungua koti la marehemu nyuma ya mlango, akamvisha mwenyewe, akafunga vifungo mpaka juu kama anavyofungwa mtoto wa shule. "Kwenye basi kuna baridi," alisema. Akaishia hapo. Hakusema nimekusamehe. Huenda vifungo vilitosha, na huenda havikutosha. Misnati hakuthubutu kuuliza.

Alikuwa ameshafika uani pale mlango wa chumba ulipofunguka. Wening alitoka akitembea kwa shida, magoti hayakunjiki, macho yamevimba. Alisimama mbali kidogo. Misnati aliyatazama magoti yale, akaona bandeji imeloa tena, akaona kwamba hata yakipona alama zitabaki, na kila Wening atakapovaa nguo atakumbuka.

"Mama."

"Naam, mwanangu."

"Bado nina hasira."

"Unayo haki."

"Nikifumba macho naisikia ile sauti ya msikitini." Wening alijifuta pua kwa kiganja, kama msichana mdogo. "Usiku mtoto aliamka mara moja. Hakutaka papai. Alisema Nyai. Alikuwa anakutafuta wewe."

Kwao Madura ndivyo bibi anavyoitwa, na Misnati alikuwa amemfundisha neno hilo kwa siku nyingi bila kulisikia likitoka. Limetoka akiwa hayupo chumbani kulisikia.

"Sina la kusema, Wening. Ningeuliza. Ningemuuliza mama yako, ningekuuliza wewe. Nilitaka apone upesi, nikasahau kuwa ana mama."

Wening alimtazama mama yake aliyekuwa mlangoni na mtoto aliyelala begani, kisha akapiga hatua moja, hiyo moja tu, kwa magoti yake mabovu.

"Siku ya mizani ya mwezi ujao," alisema, "mimi siwezi kuutazama ule mshale nikiwa na mama peke yake. Tutaogopa wote wawili. Njoo tena, Mama. Njoo kabla ya siku hiyo. Na ukifika, kabla hujachuma jani lolote, niite kwanza."